Kumpita Ng'ombe wa Mbele

Uwanja wetu wa mbio pale Kihanga, Karagwe, niliupima kwa mnyororo wa kupimia mashamba. Nilikuwa bwana shamba msaidizi, na kati ya vifaa vyote vya serikali nilivyokabidhiwa, mnyororo ule ndio pekee ambao haukuwahi kuharibika. Urefu wake ulikuwa yadi ishirini na mbili. Minyororo ishirini ni robo maili, na robo maili ndiyo mzunguko mmoja wa uwanja, kwa hiyo hesabu ilikubali bila kubaki kitu. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Habari za mbio nilizipata jeshini wakati wa vita. Sikuwa mkimbiaji hodari. Kazi yangu kambini siku za michezo ilikuwa kusimama kwenye kona na bendera, nikihakikisha hakuna anayekatiza ndani ya mstari. Kwa kusimama pale miaka kadhaa niliona jinsi watu wanavyoshinda maili na jinsi wanavyoipoteza, na mara nyingi waliipoteza mbele yangu, kwenye kona ya mwisho. Niliporudi Kagera nikanunua kitabu kidogo cha Kiingereza juu ya mbio, nikakisoma jioni pamoja na kamusi. Mahali ambapo kamusi na kitabu havikupatana nilifuata nilichokiona kwenye kona.

Uwanja wenyewe ulikuwa malisho. Mzee mmoja aliyekuwa na nyumba jirani alikuja kunitazama nikivuta mnyororo kwenye nyasi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akataka kujua hao watu watakimbia kwenda wapi. Nikamweleza kwamba wataanzia penye kigingi kile, watazunguka mara nne, na watamalizia penye kigingi kile kile.

“Wakimaliza watakuwa wamefika wapi?”

“Pale walipoanzia, mzee.”

Akakitazama kigingi. “Basi si wangekaa tu,” akasema, akaenda zake.

Mstari niliuchora kwa majivu, maana chokaa iliyokuwapo ilikuwa ya kujengea kanisa na hakuna aliyethubutu kunigawia. Wanawake wa jirani walinipa majivu ya meko yao, debe kwa debe. Mke wangu alisema sasa ameelewa kwa nini niliacha jeshi: nilikuwa na hamu ya kuja kukusanya majivu ya watu. Asubuhi iliyofuata mstari haukuwapo. Ng'ombe walikuwa wameulamba mzunguko mzima, maana majivu yana chumvichumvi, na ng'ombe wa Karagwe akionja chumvi haondoki. Nikachora tena, wakalamba tena. Mara ya tatu niliacha majivu, tukachimba mfereji mwembamba kwa majembe kuzunguka uwanja wote. Hilo likawa zoezi la kwanza la wakimbiaji wangu.

Mazoezi ya barabarani nayo yalikuwa na matata yake. Kwetu mtu mzima hakimbii bila sababu. Akikimbia, basi nyumba inaungua, au kuna mgonjwa amezidiwa, au ng'ombe wameingia kwenye shamba la mtu. Siku ya kwanza tulipotoka watano kwa mpigo, watu waliacha majembe wakatufuata. Mama mmoja aliacha maharage yake jikoni, akajifunga kanga kiunoni, akaja nyuma yetu mpaka mteremko wa pili akiuliza ni nani amefariki. Nilipomwambia hakuna aliyefariki, ni mazoezi tu, alikasirika kuliko kama ningemtajia msiba wa kweli. Ilibidi nimwombe mchungaji wetu wa Kilutheri, na karani wa baraza, mmoja wa wale watano, akamwomba padri wa Wakatoliki, na Jumapili iliyofuata ikatangazwa katika makanisa yote mawili kwamba wanaume watakaoonekana wakikimbia asubuhi hawakimbii kitu chochote.

Huyo karani wa baraza ndiye aliyekuwa mkimbiaji wangu bora. Alitoka katika familia ya Kikatoliki ya Bukoba, alisomea huko, na alikuwa na viatu vya mbio vya turubai ambavyo alivisafisha kila Jumamosi. Alikimbia kwa mpangilio, kila mzunguko sawa na uliotangulia, kama mtu anayenakili barua. Wengine walikuja na kuondoka. Aliyebaki pamoja naye ni fundi wa baiskeli mwenye miguu mifupi na maneno mengi, ambaye alikimbia nusu maili na kusema kwamba nusu iliyobaki anawaachia matajiri.

Mkimbiaji wangu wa tatu, kijana mfugaji, nilimwona kwa mara ya kwanza siku ya chanjo ya mifugo. Makundi yalikuwa yameletwa kutoka pande zote, na vumbi lilikuwa jingi. Mtamba mmoja mwekundu mwenye pembe ndefu alitoka kwenye foleni, akashika mbio kuelekea migomba ya watu, na nusu ya kundi ikamfuata. Kijana wa kama miaka ishirini alitoka nyuma kabisa. Hakukimbia moja kwa moja. Alitoka nje kwa mduara mpana, kimya, fimbo ameishika chini ili wasiione, akawapita mmoja mmoja bila hata mmoja kushtuka, mpaka akawa mbele ya yule mtamba. Hapo akageuka ghafla, akatandaza mikono, akasema neno moja la Kinyambo. Mtamba alisimama. Kundi lote likasimama.

Nilikuwa nimeacha kazi yangu ya kuandikisha majina. Nilikuwa nimesimama kwenye kona nyingi maishani, lakini sikuwa nimeona mtu akipita wenzake hivyo.

Siku chache baadaye nilipanda baiskeli mpaka Nyakakika kumtafuta baba yake. Nilikaribishwa vizuri, nikapewa maziwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, na tulizungumza habari za mvua na majani kwa muda mrefu kabla sijathubutu kusema lililonileta. Mzee alisikiliza. Alikuwa Mkristo, mtu wa ibada kila Jumapili, mrefu, mwembamba, na mwenye ng'ombe aliowajua kwa majina mpaka bibi zao. Nilieleza kwamba mwisho wa kiangazi kutakuwa na mashindano ya Karagwe nzima, kwamba yatafanyika kwenye uwanja wetu kwa kuwa ndio pekee uliopimwa, na kwamba wawili wa kwanza katika mbio za maili watapelekwa Bukoba kushindana na wa huko.

Kijana alikuwa amekaa kando ya mlango akisikiliza. Aliposikia Bukoba aliinua uso.

Baadaye nilielewa kwa nini. Katika nyumba ile kulikuwa na ubishi wa siku nyingi juu ya ziwa. Wafanyabiashara wa Bukoba waliopita kununua ngozi walisema kwao kuna maji ambayo ukisimama ufukweni huoni ng'ambo yake. Mzee alisema hakuna maji yasiyo na ng'ambo, ila kuna wafanyabiashara wasio na haya. Kijana aliamini lipo, na hakuwa na njia ya kwenda kuona. Aliniuliza mbele ya baba yake, mimi ninayetoka Muleba, kama ni kweli. Nikasema ni kweli, nimekulia karibu nalo.

“Huyu naye ni wa huko huko,” mzee akasema kwa upole. “Ulitaka aseme nini?”

Lakini alikuwa mtu wa haki. Alisema kaka wa ukoo anaweza kushika kundi kwa kiangazi kimoja. Kijana akiwa mmoja wa wale wawili, ataenda Bukoba, na habari za mbio zitazungumzwa upya. Asipokuwa, atarudi kwenye ng'ombe siku hiyo hiyo, na habari hizo zitakuwa zimekwisha. Alinitazama, kisha akamtazama mwanawe, nasi wote wawili tukakubali.

Nilimpa chumba cha uani nyumbani kwangu. Mke wangu alimlisha ndizi na maharage, akaona hashibi, akamwongezea maziwa, naye akashiba. Kitabu kilisema mkimbiaji asinywe maziwa siku ya mazoezi. Nilimsomea ukurasa huo. Alisikiliza kwa heshima zote, akauliza aliyeandika alifuga ng'ombe wa aina gani. Tangu hapo sikumzuia maziwa.

Pumzi alikuwa nayo, na miguu alikuwa nayo. Aliweza kukimbia mzunguko baada ya mzunguko bila kubadili uso, peku, kwa hatua ndefu za mtu anayevuka majani marefu. Lakini ndani ya wiki mbili nilijua tuna tatizo. Hakumpita mtu. Nikimwanzisha pamoja na karani, alikaa nyuma yake kidogo, upande wa nje, akimaliza naye sawia mizunguko yote minne, na kwenye utepe alikuwa nyuma hatua ile ile aliyokuwa mwanzo. Nikimwanzisha na fundi wa baiskeli, ambaye kwa maili alikuwa mzito, alikaa nyuma ya fundi vile vile.

“Umechoka?” nilimwuliza.

“Hapana, Bwana Shamba.”

“Mbona humpiti?”

Alishangaa kweli. “Kwa nini nimpite? Anakwenda vizuri.”

Fundi wa baiskeli alisema tangu azaliwe hajawahi kusifiwa mbio zake hivyo, na kwamba kijana aachwe kama alivyo.

Nililifikiria jambo hilo kwa utaratibu, kama ninavyofikiria ugonjwa wa migomba: dalili kwanza, halafu chanzo. Kijana alikuwa amekimbia maisha yake yote, lakini nyuma ya ng'ombe. Mchungaji hukaa nyuma na pembeni. Kundi likienda vizuri, kulipita ni kulivuruga. Kwake yeye mtu aliyekuwa mbele akikimbia kwa mwendo mzuri alikuwa jambo la kuridhisha, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha anafika salama.

Nikakumbuka yule mtamba mwekundu. Basi nikamwita kando, nikamwambia: ukifika kwenye kona ya mwisho, fikiri kwamba karani ni ng'ombe aliyeacha njia, anaelekea shamba la migomba la mtu. Uso wake ulibadilika papo hapo. Alisema, “Ungesema hivyo tangu mwanzo.”

Jumamosi moja tulifanya mbio za majaribio. Watu walikuwa wamejaa, maana uwanja wetu ulikuwa umeanza kuwa mahali pa kupitia baada ya mnada. Nilisimama kwenye kona ya mwisho kama zamani. Mizunguko mitatu karani aliongoza kwa mwendo wake wa kunakili barua, na kijana nyuma yake. Katika mzunguko wa nne, walipoikaribia kona, kijana alitoka nje kwa ule mduara mpana. Hakusikika. Karani hakugeuza kichwa, maana hakujua kuna mtu anayempita mpaka alipomwona mbele yake. Moyo wangu ulijaa. Kijana alikuwa mbele hatua tatu, nne, tano.

Hapo akageuka, akatandaza mikono, akamwambia karani neno lile la Kinyambo.

Karani hakuwa mtamba. Hakusimama. Walikutana kifua kwa kifua, wakaanguka wote wawili ndani ya mfereji, na kiatu kimoja cha turubai kikaruka mpaka kwa watazamaji. Fundi wa baiskeli, aliyekuwa nyuma sana, alipita pembeni yao bila kuharakisha, akawatakia heri, akakata utepe, akawa mshindi wa maili kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake.

Karani alikaa chini akitafuta kiatu. “Mimi si ndama wako,” alisema.

“Nisamehe, kaka,” kijana akajibu, akimfuta vumbi mgongoni. “Bwana Shamba alisema unakwenda kula migomba ya watu.”

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa kwenye nyasi. Karani alijikaza kidogo, kisha naye akashindwa, akacheka kuliko wote, na kwa wiki nzima pale baraza kila aliyekuja na shauri lake alimwuliza kwanza kama amekwisha kurudishwa zizini.

Nami nilicheka, lakini niliporudi nyumbani nilihesabu siku. Mashindano yalikuwa karibu. Kijana akienda kama zamani, atakuwa nyuma ya mtu hadi mwisho. Akienda kama nilivyomfundisha, atampita mtu na kumzuia, na atafukuzwa uwanjani. Nilimweleza mke wangu, nikidhani analisikiliza jambo zito. Alikuwa akimenya ndizi, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Aliposema, alisema neno la maana. Alisema mimi nimemfundisha kijana namna ya kumpita ng'ombe lakini sikumwuliza yeye ana namna ngapi.

Kesho yake asubuhi nikamwuliza. Tulikuwa tumekaa kwenye ukingo wa mfereji, naye alikuwa akisafisha miguu kwa majani. Nilimwuliza kama kuna wakati mchungaji huwapita ng'ombe wote, akawa mbele, na asigeuke.

Alijibu bila kufikiri. “Wakati wa kunywesha.”

Akanieleza. Kiangazi, kundi likikaribia kisima, ng'ombe husikia harufu ya maji na kuanza kukimbia wenyewe. Kisimani kuna birika la kunyweshea, la udongo uliofinyangwa kwa mkono, na ng'ombe wenye kiu wakilifikia kabla mtu hajasimama pale, watalikanyaga na kulivunja, na siku hiyo hakuna atakayekunywa. Kwa hiyo mchungaji lazima awawahi. Huwapita wote, haangalii nyuma, maana anajua wanakuja, na hasimami mpaka amefika penye maji. Baba yake au yeyote aliyeko kisimani humpigia mluzi ili ajue birika liko tayari.

“Na hapo unakimbia sana?”

“Hapo, Bwana Shamba, unakimbia kwa sababu walio nyuma yako wana pembe.”

Mazoezi yaliyobaki yalikuwa ya furaha. Niliweka ndoo ya maji mbele ya utepe, mbali kidogo ili asipunguze mwendo kabla ya wakati, nikamwambia kile ni kisima. Siku ya kwanza alipofika kwenye kona alitoka nje, akampita karani, na nikaona mabega yake yakitaka kugeuka. Karani akapiga kelele nyuma yake kwamba ana pembe. Hakugeuka. Alikwenda mpaka kwenye ndoo, akanywa, akammiminia karani maji kichwani. Tangu siku ile karani ndiye aliyemfundisha zaidi kuliko mimi. Alikubali kupitwa kila asubuhi, na siku nyingine alilia kama fahali wakati wa kupitwa, ili kumpa kijana moyo. Kuna watu wengi waliosoma kuliko yeye ambao wasingelia kama fahali kwa ajili ya mtu anayetaka kuchukua nafasi yao.

Siku ya mashindano watu walikuja kutoka Nyakakika, kutoka Kimuli, na kutoka vijiji vya mbali ambavyo hata mimi kwa kazi yangu sikuwa nimevifikia. Wanawake walikuja na ndizi za kuchoma na karanga. Rubisi, pombe ya ndizi, ilikuwapo pia, nyuma ya migomba, mahali ambapo mchungaji na padri wote wawili waliweza kutoiona. Kutoka Kimuli alikuja mkimbiaji mmoja mwenye kifua kipana, mtu wa vilima, ambaye walisema hupanda mlima na mkungu wa ndizi kichwani bila kupumzika. Nilipomwona akipasha mwili joto nilijua kuwa nafasi mbili za Bukoba zinagombewa na watu watatu.

Baba yake kijana alikuja pia. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, amevaa koti lake la ibada. Tuliamkiana. Mkononi alishika fimbo mbili: moja yake, na nyingine ndefu, laini, iliyong'aa kwa kushikwa. Kijana aliitambua kutoka mbali, nami nikaitambua. Ilikuwa ile aliyoishika chini siku ya chanjo. Mzee alikuwa amekuja nayo ili mwanawe asirudi mikono mitupu.

Hakusema lolote baya. Aliniambia tu kwamba kaka wa ukoo amechoka, na kwamba majani ya karibu yamekwisha, kwa hiyo kesho kundi linahamia mbali. Aliuliza maili inaishia wapi. Nikamwonyesha utepe. Akaenda akasimama mbele kabisa, mbali na watu, karibu na mahali nilipokuwa nikiweka ndoo. Siku hiyo ndoo haikuwapo, maana waamuzi hawakuruhusu kitu chochote mbele ya utepe.

Filimbi ikalia. Mimi nilikuwa kwenye kona yangu. Mtu wa Kimuli aliondoka kwa kasi kama anayekimbizwa, na karani, kwa busara yake, akamwacha aende. Kijana alikaa nyuma ya karani. Mzunguko wa pili ukawa hivyo hivyo. Katika wa tatu karani akaanza kusogea, taratibu, akampata mtu wa Kimuli, akampita, na kijana akabaki wa tatu, nyuma ya mtu wa Kimuli, upande wa nje, ametulia. Niliutazama uso wake alipopita mbele yangu. Ulikuwa uso wa mtu anayeridhika kwamba kundi linakwenda vizuri. Nilikosa amani kabisa.

Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipigwa. Walikwenda upande wa mbali, wakazunguka, wakaja kuelekea kona yangu, karani kwanza, wa Kimuli pili, kijana tatu. Bado alikuwa ametulia. Nilijiambia kimoyomoyo, kisima, kisima, lakini mfundishaji hana ruhusa ya kusema kitu mbio zikiwa zinaendelea, nami nilikuwa nimeshika bendera ya waamuzi.

Ndipo nikasikia mluzi.

Haukuwa mkubwa. Ulikuwa mrefu, wenye kupanda na kushuka mwishoni, na ulitoka mbele, ng'ambo ya utepe, mahali ambapo mzee alikuwa amesimama na fimbo zake mbili. Kila mfugaji aliyekuwa uwanjani aligeuza kichwa. Kundi la ng'ombe lililokuwa likila majani upande wa chini wa uwanja nalo likainua vichwa.

Kijana alitoka nje. Alichukua ule mduara wake mpana, pale pale mbele yangu, karibu na miguu yangu, nami nilisikia pumzi yake ikibadilika. Mtu wa Kimuli hakushtuka, maana hakuna kilichosikika. Alipomwona alikuwa amekwisha kupitwa. Karani aligeuka nusu, akaona nani anakuja, na mpaka leo naweza kuapa kwamba alilia kama fahali. Kisha naye akakaza kwa nguvu zake zote, maana hakuwa mtu wa kumpa mtu zawadi uwanjani. Walikwenda bega kwa bega mpaka karibu kabisa na utepe.

Kijana aliukata kwa kifua. Hakusimama. Alikwenda moja kwa moja na utepe umemning'inia shingoni mpaka mbele ya baba yake, na hapo tu ndipo aliposimama, akainama na kumwamkia, kama mtu aliyefika kisimani na kukuta mkubwa wake yupo.

Nilifika nikikimbia, jambo ambalo watu walilisema kwa muda mrefu baadaye. Mzee alikuwa akiitazama ile fimbo ndefu.

“Tata,” kijana alisema, kwa neno la nyumbani la kumwita baba, “umenipigia mluzi.”

“Nilikuona unachelewa,” mzee alisema. “Ningekuwa na ng'ombe wenye kiu hapa, ningefanya nini?”

Alijua vizuri kuliko mimi kwamba angenyamaza tu, mwanawe angekuwa njiani kurudi malishoni jioni ile. Alizishika zile fimbo zote mbili kwa mkono mmoja, akakataa rubisi, akakubali ndizi, akaondoka kabla jua halijashuka kwa kuwa kundi lilikuwa linahama kesho na mchungaji wake sasa alikuwa yeye mwenyewe.

Bukoba tulikwenda kwa lori, watatu pamoja na magunia ya kahawa. Mbio za huko zinahitaji maneno machache. Walikuwapo watu wenye viatu vya misumari na mizunguko ya miaka kumi miguuni. Karani alikuwa wa nne, kijana wa tano, na alipopita watu watatu kwenye kona ya mwisho, wenyeji waliuliza huyu amefundishwa na nani kukimbia mbali hivyo na mstari. Nilisema amefundishwa na ng'ombe. Walidhani natania.

Kabla ya mbio, asubuhi, niliwapeleka ufukweni. Karani alikuwa kwao, alitangulia akisalimia watu. Kijana alisimama kwenye mchanga muda mrefu. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akakinga jua kwa mkono akatazama mbele. Mwishowe aliniuliza watu wa hapa hunyweshea wapi, kwa kuwa hakuona njia ya ng'ombe kuteremkia. Kisha akapiga magoti, akajaza kibuyu alichokuja nacho kutoka nyumbani, akakiziba kwa majani ya mgomba. Jioni, baada ya mbio, alirudi pale peke yake kuangalia tena.

Nilimsindikiza mpaka Nyakakika, kwa kuwa nilitaka kuwapo. Mvua zilikuwa zimeanza na kundi lilikuwa limerudi nyumbani; mzee alikuwa zizini jioni, ng'ombe wakiingia. Alikipokea kibuyu, akanusa, akamimina kidogo kwenye kiganja, akaonja.

“Maji,” alisema.

“Ndiyo, tata.”

“Na ng'ambo?”

“Sikuiona.”

“Uliangalia vizuri?”

“Niliangalia asubuhi na jioni.”

Mzee akamwendea yule mtamba mwekundu, ambaye sasa alikuwa na ndama, akammiminia maji yaliyobaki chini ya pua, naye akayanywa yote bila kuonyesha kwamba yana tofauti. Mzee alisimama akimtazama mpaka alipomaliza.

“Huyu hajui kusema uongo,” akasema. Kisha akaniuliza mashindano mengine ya Bukoba yatakuwa lini, kwa sababu kiangazi kijacho kaka wa ukoo atashika kundi tena, na safari hii mzee mwenyewe anataka kwenda kuangalia.